Kujenga mashua ya tanga kwa mbao za alumini: mwongozo wa fundi anayeanza hapa Kisumu

Maswali ni yaleyale kila wiki. Fundi, naeza tumia alumini ya fremu za dirisha? Naeza choma na mashine ya vijiti? Niko na mtungi wa CO2, si hiyo pia ni gesi? Na lile linaloniuma zaidi: mbona yangu imepinda na nilichoma vizuri kabisa? Nimeamua kuandika kila kitu mahali pamoja, maana alumini ni pesa nyingi na shiti ikishaharibika haina kurudi dukani.

Naongelea mashua moja tu hapa. Urefu mita 4.6, yaani futi 15, upana mita 1.7, wazi juu, tanga moja, ya watu watatu au wanne kuzunguka Ghuba ya Winam hapa Ziwa Victoria. Urefu huo nimeuchagua makusudi, shiti ni futi 8 kwa 4 kwa hivyo ubao wako unatoka kwa vipande viwili vilivyoungwa na siyo vitatu.

Nikisema mbao za alumini namaanisha shiti ya milimita 4 iliyopasuliwa vipande virefu vyembamba, unavipanga kutoka kwa mkuku (uti wa mgongo wa chini wa mashua) kwenda juu vile mafundi wa mashua wa ufuo wa Dunga wanapanga mbao zao, tofauti ni kwamba badala ya misumari na pamba kwenye mianya unachomelea ukingo kwa ukingo. Uzuri wake ni kwamba kipande chembamba kinakubali kupinda kwa mikono na klampi, huhitaji mashine ya kukunja shiti, na watu wawili wanakibeba. Ubaya ni mshono. Mashua hii ndogo iko na karibu mita 70 za mshono na kila mshono unachomwa ndani na nje, so hesabu 140. Kama hiyo namba imekutisha basi afadhali ikutishe saa hii kabla hujanunua kitu.

Na kama kazi yako ni mageti na madirisha ya chuma na hujawahi kushika MIG (mashine ya kuchomea kwa waya na gesi) kwa alumini, usianze na mashua. Nunua mabaki ya milimita 4, choma kila siku kwa wiki kadhaa, alafu urudi hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Alumini yenyewe ndo ya kwanza. Tafuta aina namba 5083 (ugumu wa H116 au H321), ukikosa chukua 5086. Namba huwa imechapishwa kwa shiti, isome kwa macho yako, usikubali tu neno la muuzaji kwamba "hii ni ya majini". Wauzaji wengi wako Industrial Area Nairobi na usafiri hadi huku uupange mapema. Kwa mashua hii utahitaji shiti 5 za milimita 4, flatiba (kipande bapa kirefu) ya milimita 50 kwa 6 ya mbavu, na bamba la milimita 10 la mkuku. Alumini ya dirisha ni aina nyingine kabisa, ukiichomelea inapoteza karibu nusu ya nguvu yake pale kando ya mshono. Ya sufuria na ya skrapu hujui ni nini, wachana nayo.

Mashine: MIG ya amp 200 na bunduki ya spuli, ile ambayo waya unakaa palepale mkononi. Waya wa alumini ni laini, ukiusukuma kwa kebo ya mita 3 unajikunja ndani kama tambi. Kama bunduki ya spuli haipatikani basi weka laina ya tefloni na rola za mfereji wa U, na kebo iwe fupi. Waya ni 5356, unene milimita 1.0 au 1.2, kilo 8 hadi 10. Ule wa 4043 ambao maduka mengi yako nao usiutumie kwa 5083, mshono unakuwa mkavu na unapasuka.

Gesi ni agoni tupu. CO2 hapana, mchanganyiko wa kuchomea chuma hapana. Na mashine ya vijiti pia hapana, hata kama kuna vijiti vya alumini vinauzwa, hiyo si kazi ya kukaliwa na watu katikati ya ziwa.

Vitu vingine: msumeno wa mviringo wa mbao wenye meno ya kabaidi (unakata alumini vizuri sana ukipaka nta ya mshumaa kwa bledi), jigiso, grinda na diski za msasa, brashi mbili mpya za waya wa stelesi, asetoni, vitambaa vyeupe visafi, klampi nyingi kuliko unavyofikiria, uzi, timazi, levo, turubai. Helmeti ya kioo namba 11 au 12. Mikono mirefu ya kitambaa kizito, maana mwale wa alumini ni mkali kuliko wa chuma na unarudi kutoka kwa shiti kama kioo, unakuunguza hadi chini ya kidevu.

Brashi hizo mbili ziandike ALUMINI kwa rangi na mtu yeyote asizishike kwa chuma. Simaanishi kwa mchezo, brashi iliyogusa chuma mara moja inapanda kutu ndani ya mashua yako.

Hatua

1. Chora kwa ukubwa wake. Tafuta mchoro wa mashua uliotengenezwa na mtu anayejua, usibuni umbo mwenyewe kwa hii ya kwanza. Uchore mzima kwa plaiwudi sakafuni, kila ubavu kwa ukubwa wake kamili. Ukikosea kwa plaiwudi unafuta na msasa.

2. Tengeneza kitanda. Hiki ni fremu ya mbao nzito au chuma, imara, levo pande zote, na uzi wa katikati umevutwa kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Mashua inajengwa kichwa chini. Kitanda kikicheza, mashua itacheza, na hakuna kuchomelea kutakaokuja kunyoosha baadaye.

3. Simamisha mbavu, mkuku na bamba la nyuma. Mbavu (pwani wanaziita mataruma) ziwe kila sentimita 50. Kila ubavu upime na timazi na uufunge kwa kitanda. Kabla hujazifunga, toboa au kata nafasi ndogo kwa kila ubavu pale mshono utapita na pale chini karibu na mkuku, ili uweze kuchoma mshono bila kuruka na ili maji ya ngama (pale chini kabisa ndani ya mashua) yateremke yasikwame. Wengi wanasahau hii na wanaikumbuka wakiwa wamelala ndani ya mashua na grinda, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili. Nafasi ya ubao wa kushuka, ule wa kuzuia mashua isisukumwe kando na upepo, uikate kwa mkuku saa hii na uweke kasha lake la shiti ya unene wa milimita 6.

4. Pasua mbao na uziunge mezani. Pale chini penye karibu kunyooka unaeza enda na upana wa sentimita 20 hadi 25, pale kwenye kona ya tumbo shuka hadi 10. Ukilazimisha ubao mpana kwa kona utavimba katikati na huo uvimbe hautoki. Kila ubao ni vipande viwili, viunge mezani vikiwa vimelala, choma upande mmoja, geuza, chimba, choma wa pili, saga laini. Maungio ya ubao mmoja yasikutane na ya jirani yake, yapishane angalau sentimita 50, na yaangukie katikati ya mbavu mbili siyo juu ya ubavu. Kufanya haya mezani ni raha, kufanya juu ya mashua ni mateso na joto linavuta kila kitu.

5. Jaribu kila ubao mkavu. Tumia kadibodi au plaiwudi nyembamba kupata umbo, alafu kata alumini. Mwanya kati ya mbao usizidi milimita 1. Najua mtu ataniambia mwanya wa 3 unajazika na waya, ndio unajazika, lakini kila waya wa ziada ni joto la ziada na joto ndo linapinda mashua. Tumia hizo dakika kumi zaidi na faili.

6. Safisha. Hapa ndo napoteza wanafunzi. Alumini inayeyuka kwa digrii 660 lakini ile ngozi ya oksidi juu yake inataka zaidi ya 2,000, so usipoitoa unakuwa unachoma chuma kilichovaa koti. Utaratibu ni mmoja na haugeuzwi: kwanza asetoni na kitambaa safi kutoa mafuta, ngoja ikauke kabisa, ndo usugue na brashi ya stelesi ukielekea upande mmoja, alafu uchome siku hiyohiyo. Ukisugua kabla ya asetoni umesukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Usitumie ile dawa ya kopo ya kusafisha breki za gari, nyingine ziko na klorini na mwale wa weldi unaigeuza hewa ya sumu inayoua.

   Nikuonyeshe kitu kimoja. Kijana mmoja niliyekuwa nafanya naye alisafisha vipande viwili kwa kitambaa kilichotoka gereji ya jirani, kilionekana kisafi. Mshono ulitoka mzuri, mawimbi yake yamepangana vizuri, mtu angepiga picha. Tukaubana kwa vaisi tukaupiga nyundo, ukavunjika na pigo la pili, na ndani ulikuwa na vitundu kama mkate wa sponji, vyeusi kidogo kwa ukingo. Tangu siku hiyo kila asubuhi tunachoma kipande cha majaribio na tunakivunja kabla hatujagusa mashua. Fanya hivyo pia. Kipande kikipinda bila kupasuka, endelea.

7. Funga mbao zote kwa taki, yaani weldi fupi za kushikilia tu. Anza kwa mkuku, ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, vivyo hivyo hadi juu. Usimalize upande mmoja kwanza. Taki ziwe za sentimita 3, kila sentimita 15, ukianzia katikati ya mashua kwenda omo na kwenda tezi. Taki kwa mbavu ziwe chache na nyepesi. Mashua nzima ifunikwe kwa taki kabla hujachoma mshono hata mmoja kamili. Hata mmoja. Hapa ndipo jibu la lile swali la kupinda: watu wanachoka kungoja, wanachoma mshono wa kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho wakiona inaenda poa, na alumini inatanuka na kunywea karibu mara mbili ya chuma, kufika jioni mkuku umenyanyuka.

8. Geuza na uchome ndani. Funga mbao za kukingama au mabomba juu ili pande zisifunguke wala kufunga, toa kwa kitanda, watu sita wanaigeuza bila shida. Ndani unachoma mwale ukiangalia chini, ambayo ni rahisi. Kwa milimita 4 anza na volti 20 hivi, amp 140 hadi 160, gesi lita 15 kwa dakika, na urekebishe kwa sikio. Mlio mzuri ni mfululizo laini, kama mafuta ya mandazi yaliyoshika moto. Ukisikia tra-tra-tra kama popkoni, volti iko chini au waya uko mwingi. Bunduki unaisukuma mbele, huivuti, ikiwa imeinama kidogo.

   Choma sentimita 10 hadi 15 tu, alafu ruka. Kipande katikati kulia, kipande katikati kushoto, kipande omo, kipande tezi, rudi. Weka mkono (bila glavu, ukiwa mwangalifu) karibu na pale unataka kuchoma, kama huwezi kuuacha hapo basi pana moto bado, nenda kwingine. Mwisho wa kila kipande usikate ghafla, rudi nyuma kidogo ujaze lile shimo, maana mipasuko inaanzia hapo.

   Wakati wa kazi ni suala la huku kwetu. Asubuhi mapema shiti iko na umande hata kama huuoni, na unyevu ni vitundu. Mchana upepo wa ziwa unaamka na unapeperusha agoni yako. Mimi nachoma kutoka saa tatu hadi saa saba, na turubai upande wa ziwani, mchana nakata na kusafisha. Msimu wa masika usijidanganye, ngoja au tafuta paa.

   Agoni ni nzito kuliko hewa na inakaa chini kama maji. Ukiwa umeinama ndani ya mashua hiyo gesi inajaa pale ulipo bila harufu. Weka feni ndogo ya kuvuta hewa mbali na mwale, na usifanye kazi peke yako.

9. Rudisha kichwa chini, chimba nje, choma. Nje unachimba kila mshono kwa msumeno au diski ya kabaidi hadi ufikie alumini inayong'aa ya weldi ya ndani. Ukiona mstari mweusi mwembamba hujafika, endelea. Diski ya kawaida ya kusagia chuma isikaribie, inajaa alumini na inaeza pasuka. Ukishachimba safisha tena kama hatua ya 6 na uchome kwa kuruka vilevile.

10. Mbavu mwisho. Weldi za sentimita 5, ruka 10, zikipishana upande huu na ule. Ukichoma ubavu mfululizo, nje itaonekana kama ng'ombe wa kiangazi, kila ubavu unahesabika.

11. Matangi ya hewa. Alumini inazama. Naiandika peke yake kwa sababu kuna watu wazima wameniambia haiwezi zama kwa kuwa ni nyepesi. Jenga kasha la hewa omo na tezi, jumla yasipungue lita 300, yaani kama mitungi 15 ya lita 20, yamechomwa pande zote yasiingize tone.

12. Pima uvujaji. Koroga chokaa nyeupe na maji, paka mshono wote nje, ikauke. Ndani paka mafuta ya taa na brashi. Ngoja saa moja mbili. Mafuta ya taa yanapita mahali maji hayapiti, kila kitundu kitajichora doa la kijivu kwa chokaa. Weka alama na ngoja hadi mwisho, usikimbilie kuchoma palipo na mafuta, huo ni moto na ni vitundu upya. Osha na sabuni, suuza, kausha, asetoni, chimba, ndo uchome. Matangi unapima kwa maji ya sabuni na pampu ya baiskeli, kidogo sana tu, kofi la mkono lisikie yamekaza. Kompresa usilete, inapasua tangi.

Shida zinazokuja na sababu yake

*Masizi meusi kando ya mshono.* Unavuta bunduki badala ya kusukuma, au umeishika mbali sana, au upepo umechukua gesi. Masizi kidogo yanayofutika na kidole si tatizo.

*Vitundu kila mahali.* Mafuta, umande, upepo, kwa mpangilio huo. Ukishaangalia hayo matatu angalia mpira wa gesi, mara nyingi umepasuka pale unapoungana na mashine. Waya uliokaa wazi wiki mbili pia unaleta hivi, spuli ikae ndani ya mfuko uliofungwa.

*Waya unashika tipu (ile ncha ya bunduki waya unapotokea) na kuyeyuka ndani.* Chukua tipu ya alumini, ambayo shimo lake ni kubwa kidogo, kwa sababu waya unatanuka ukipata moto. Legeza pia rola.

*Mshono umelala juu, haujaingia, hasa mwanzo.* Shiti baridi inakunywa moto wote. Anzia sentimita 2 mbele, rudi nyuma, alafu endelea. Kama ni jioni na taa za mtaa zimefifia, stima imeshuka, hakuna seting itakusaidia, funga kazi.

*Mpasuko katikati ya mshono.* Waya si sahihi, au mshono mwembamba sana, au mwanya ulikuwa mkubwa. Usiufunike kwa weldi nyingine juu. Toboa tundu dogo pande zote mbili za mwisho wake usiendelee, chimba wote, choma upya.

*Ubao umevimba kati ya mbavu.* Uvimbe mdogo uache, maji hayajali. Mkubwa, kata mshono kwa msumeno urefu wa uvimbe, acha shiti ilale yenyewe, saga ukingo unaopandana, choma upya kwa vipande vifupi. Kupiga nyundo kunautanua zaidi.

*Unga mweupe na vishimo baada ya miezi.* Kuna shaba mahali. Skrubu ya brasi, kipande cha waya wa stima kilichoanguka ngama, au rangi ya chini ya mashua yenye shaba. Alumini na shaba kwa maji haviishi nyumba moja. Bolti za stelesi sawa, lakini weka washa za plastiki na silanti katikati. Nje unaeza acha bila rangi kabisa, ziwa letu ni maji yasiyo na chumvi na 5083 inajilinda yenyewe. Ukiifunga majini mwaka mzima weka anodi ya magnesi (kipande kinacholika badala ya mashua), ile ya zinki ni ya bahari.

Siku ya kuishusha, ishushe bila mlingoti. Ipakie mitungi ya maji yenye uzito wa watu wanne, iache ikielea karibu na ufuo saa nzima, alafu fungua ngama upapase kila kona kwa mkono mkavu. Kama mkono umerudi mkavu, piga simu Kenya Maritime Authority waikague na kuiandikisha kabla hujabeba mtu, nunua jaketi za kuokoa maisha kwa idadi ya viti, na mlingoti usimame wiki inayofuata.